Mistari Miwili Shavuni

"Hiyo si ngamia yetu."

"Ni yenu. Ni ile ile picha ulinitumia."

"Usinibishie. Mimi nimelala nje na hao wanyama tangu niko mdogo. Nimekwambia si yetu."

"Rangi ni ile. Kamba ni ile. Hata hilo sikio limepasuka ni lile. Sasa unataka kusema nilienda nikaazima ngamia ya watu?"

"Angalia shavu."

"Nimeangalia."

"Hujaangalia. Unaangalia vile mtu wa mjini anaangalia, kama unaangalia gari. Hapa, chini ya jicho. Alama yetu ni mistari miwili imesimama. Miwili, basi. Hapa kuna wa tatu umelala katikati, umeshikanisha hiyo miwili kama ngazi. Nani alikutuma uuweke?"

"Sijaweka kitu. Nilisafisha tu."

Huyo wa kusafisha alikuwa Hamze. Shule aliiacha kidato cha pili kwa sababu kukaa kitini kulimshinda, na hadi leo kukaa kunamshinda. Alikuwa na meza moja, laptopu moja na betri ya sola kando ya barabara, pale akina mama wa maziwa ya ngamia wanapopanga madumu yao. Kazi yake ilikuwa picha za profaili. Huyo aliyemshikilia simu mbele ya pua alikuwa Fowsiya, mwenye meza ya nne kutoka kwake, muuza maziwa, mwanamke ambaye akipaza sauti hata korongo wa jalalani wanahama mti.

Lakini leo Fowsiya hakuwa amepaza sauti. Alikuwa anaongea chini chini, na hilo ndilo lilianza kumkausha Hamze mate.

"Sasa tatizo liko wapi?" akauliza. "Ni kapicha kadogo. Kanatoshea kucha ya kidole. Nani ataona?"

"Hared ameona."

Hamze akaweka chini kikombe cha shaah, chai yake ya maziwa.

Hakuna mtu Garissa wa mambo ya mifugo hajui Hared. Miaka mitatu iliyopita, wakati wa kiangazi kile kibaya, ngamia wake kumi na mmoja walichukuliwa malishoni na watu ambao hawakujulikana. Mchungaji alikuwa Sugow, mtoto wa ndugu yake, na alipigwa mpaka leo sikio la kushoto halisikii. Wale ngamia walitafutwa mpaka Eldas, mpaka mpakani, hakuna kitu. Na alama ya ukoo wa Hared, ile wanayochoma kwa chuma cha moto shavuni, ile wazee wanaita sumad, ni mistari miwili imesimama na mmoja umelala katikati.

Kama ngazi.

Ili uelewe Hamze alifanya nini, lazima ujue kazi yake. Watu wanadhani kupunguza picha ni kuifinya tu mpaka itoshe. Ndiyo maana profaili zao zinafanana na uji. Picha ina utaratibu. Kwanza unamwambia mwenyewe akutumie ile orijino, na aitume kama dokumenti, maana ukiituma kama picha tu inakamuliwa njiani na inafika imekonda. Halafu unaikata mraba, ukikumbuka profaili ni duara, pembe zote zitaliwa, kwa hiyo jina la biashara usiliweke pembeni. Halafu unaipunguza mara moja. Mara moja tu. Ukipunguza leo, ukahifadhi, kesho ukapunguza tena, kila mara inapoteza damu. Mwisho unaongeza ukali kidogo tu, kama chumvi, ili mistari isimame hata ikiwa ndogo. Hamze alikuwa anaweza hiyo kazi. Kuna watu walitoka Dadaab wakiwa na picha ya kitambulisho imekunjika, wakaondoka na profaili unayoweza kuhesabu nyusi zake.

Lakini Hamze kungoja hakujui.

Fowsiya hakuleta orijino. Alileta skrinshoti. Kaka yake Guled, anayechunga ngamia wao upande wa Ijara, aliweka picha kwenye stetasi, Fowsiya akaipenda, akaipiga skrinshoti. Ngamia mwenyewe alikuwa mbali, nyuma ya mti wa miiba. Kichwa chake kilikuwa kidogo hivi kwamba kabla hakijapunguzwa kilitakiwa kwanza kikuzwe. Fowsiya alisema Guled anaingia Ijara kila Ijumaa kuchaji simu, angemwambia atume ile yenyewe. Siku nne tu. Hamze akasema ya nini, kuna app.

Hiyo app alikuwa anaijua vizuri. Ukiipa picha yenye ukungu inakurudishia picha inang'aa. Haisafishi, inakisia. Inaangalia madoa na inajiambia hapa lazima kulikuwa na mstari, hapa lazima kulikuwa na unywele, inachora. Mwaka jana ilimpa mzee mmoja meno sita ambayo alikuwa amezika kitambo. Mtaa mzima ulicheka, na mzee mwenyewe akaikataa ile picha kwa sababu mke wake alianza kuuliza maswali. Hamze alijua. Alijua na bado akabonyeza.

Na juu yake akaandika kwa herufi nyeupe: Maziwa ya Fowsiya, freshi kutoka Ijara.

"Basi itoe," akasema. "Toa sasa hivi, nikuwekee ya dumu. Dumu halina shavu."

"Nimeitoa kabla ya alfajiri, nilipouona huo mstari."

"Basi imeisha."

Fowsiya akamtazama vile mtu anamtazama punda amesimama katikati ya barabara. Alifungua grupu la wauzaji mifugo, akabonyeza sauti ya saa mbili asubuhi. Ilikuwa sauti ya Hared, nzito, haina haraka.

"Jana alasiri nimeona ngamia wangu kwa profaili ya watu. Nimeibonyeza ikawa kubwa, nikamwona kwa macho yangu. Nikasema nisimdhulumu mtu, nilale kwanza. Leo nimeamka, picha imetolewa. Mwenye haki hafichi mnyama wake. Vijana wangu wametoka baada ya sala ya alfajiri. Wanaenda Ijara, maana wenyewe wameandika wako Ijara."

Sauti ikaisha. Gari la mchanga lilipita, likawafunika vumbi, na hakuna aliyejifuta.

"Nani ameenda?" Hamze akauliza.

"Sugow na wengine wanne. Na lile Landkruza."

"Mpigie Guled."

"Nimempigia mara thelathini. Simu imezimwa. Leo ni Jumatano, Hamze. Atachaji Ijumaa." Akapiga tena, akakata. "Yuko peke yake pale silangani, kwenye bwawa la kunyweshea mifugo. Hajui kitu. Ataona gari linakuja, ataenda kuwapokea. Unamjua Guled. Atawaletea maziwa."

Hamze alikuwa anamjua Sugow, walisoma wote. Tangu lile sikio lizibe, Sugow alikuwa mtu anayekaa kona ya hoteli, mgongo kwenye ukuta, ili asijiwe kwa upande asiosikia. Miaka mitatu anangoja kuonyeshwa mtu, na sasa ameonyeshwa. Na chini ya viti vya Landkruza la Hared, kila mtu mjini alijua, hakukaagi jeki peke yake.

"Sema ni picha ya intaneti," akasema haraka. "Sema uliitoa huko Google, ngamia ya Sudan huko, hata hujui ya nani."

"Na wakifika wakute ngamia mwenyewe amesimama hapo, sikio limepasuka, kamba ile ile?"

"Basi wataona shavu lake ni safi."

"Shavu lina matope ya silanga, lina kupe, lina kamba. Sugow unadhani ataosha kwanza ndiyo apige?" Akavuta pumzi. "Twende kwa Hared. Utamwambia."

"Mimi?"

"Wewe."

"Abaayo, dada yangu, yule mzee ataniua."

"Mimi nikienda atasema dada anatetea kaka. Wazee wetu wakienda atasema ukoo unajitetea. Wewe huna ngamia hata mmoja, huna upande, hujui hata sumad ya nyumba yenu ni gani. Uliichora wewe. Utaenda useme niliichora mimi."

Hapo Hamze alifikiria basi. Basi la Nairobi lilikuwa linajaza watu mita mia mbili kutoka hapo, na alikuwa na shangazi, Ruweyda, Eastleigh, mwenye chumba cha ziada. Laptopu inaingia kwenye begi. Begi liko chini ya meza. Mkono wake ulishafika kwenye zipu. Halafu akamfikiria Guled na kibuyu cha maziwa mkononi, anatembea kuelekea gari linalokuja na vumbi, anatabasamu, mjinga yule, siku zote anatabasamu.

Akaweka laptopu ndani ya begi, akalivaa mgongoni, akasimamisha tuktuk.

"Soko la mifugo," akamwambia dereva. "Na usichukue mtu mwingine."

Soko lilikuwa limejaa, maana Jumatano ndiyo siku yake. Jua lilikuwa limeshapanda, mbuzi wanalia, madalali wameshikana mikono chini ya vitambaa wakihesabiana bei kwa vidole. Hared alikuwa kwenye upande wa ngamia, amekaa juu ya gunia, fimbo imelala magotini, simu imelala juu ya fimbo. Watu kama ishirini walikuwa wamemzunguka. Walipomwona Fowsiya wakaacha njia, lakini waliiacha nyembamba.

"Asalaam aleikum, adeer," Hamze akasema, akimwita ami kwa heshima.

"Waaleikum salaam. Wewe ni mtoto wa nani?"

Akataja jina la baba yake na la babu yake. Hared akatikisa kichwa. "Babu yako alikuwa na ngamia wazuri. Wewe una nini?"

"Laptopu, adeer."

Mtu mmoja akacheka. Hared hakucheka.

"Ile picha niliitengeneza mimi," Hamze akasema. Alikuwa amepanga maneno mengi ndani ya tuktuk, yote yakatoroka. "Ule mstari wa katikati haukuwepo. App ndiyo imeuchora. Mimi sikujua. Mimi sijui mambo ya alama. Yule ngamia ana mistari miwili, ni wa akina Fowsiya. Rudisha vijana wako, adeer. Tafadhali."

Halafu Hared akachukua simu yake, akafungua, akamgeuzia. Alikuwa ameipiga skrinshoti ile profaili jana. Ngamia alikuwa anang'aa. Na Hamze, ambaye usiku alipoimaliza alijipongeza, sasa aliona ule mstari wa tatu vile ulivyo: umenyooka, umekolea, una hata kivuli chake cha kovu. Kazi safi. Hakuna mtu duniani angesema haukuchomwa kwa moto.

"Hii mashine inajua sumad ya nyumba yangu?" Hared akauliza.

"Haijui, adeer."

"Basi imeichoraje?"

"Inakisia."

"Inakisia alama ya babu yangu." Aliongea taratibu kabisa. "Ngamia wangu waende, mtoto wangu apoteze sikio, halafu mashine ikae mahali ikisie, na katika alama zote duniani ichague yangu. Waryaa, kijana, wewe ungeamini?"

Hamze mwenyewe, angekuwa Hared, hangeamini.

Nyuma yake mtu akasema kwa Kisomali kwamba huyu amelipwa. Mwingine akasogea. Fimbo moja iligusa begi lake, si kwa nguvu, iligusa tu, vile unagusa mbuzi kujua kama ananenepa.

"Nitakuonyesha," akasema. Hata hakujua mdomo ulifunguka saa ngapi. "Hapa hapa. Chukua ngamia yoyote. Mnyama akiwa amesimama hapa, mnamwona. Nitafanya vile nilifanya. Mtaona mashine inavyodanganya."

Hared akageuka, akaangalia ngamia waliosimama karibu. Halafu akainua fimbo kuelekea ngamia mmoja mchanga wa Ayanle, dalali mnene mwenye ndevu nyekundu za hina. "Huyo."

Ngamia wa Ayanle alikuwa na alama ya duara shavuni, kama mdomo wa kikombe. Hamze akarudi nyuma hatua hamsini, akampiga picha kutoka mbali. Akaiweka kwenye stetasi. Fowsiya akaifungua kwa simu yake, akaipiga skrinshoti, akamrudishia. Hamze akachuchumaa chini vumbini, laptopu magotini, watu wamemfunika mpaka hakuna upepo. Akakata kichwa. Kilikuwa kidogo, kimejaa ukungu, ile duara ni doa tu la kijivu. Akaingiza kwenye app. Akabonyeza.

Kile kiduara cha kungojea kikaanza kuzunguka. Intaneti ya soko.

Picha ikatoka. Ngamia anang'aa. Shavuni, duara. Duara safi, kamili, kama ile iliyo kwa mnyama.

Halafu Ayanle akasema, "Mbona imesema ukweli?"

"Ngoja," Hamze akasema.

"Mashine yako ni shahidi mzuri," Hared akasema. "Ameonyeshwa duara, akachora duara. Jana ameonyeshwa ngazi, akachora ngazi."

"Ngoja, adeer, ngoja kidogo." Nyuma yake duara la watu lilikuwa limekaza, na mtu fulani alikuwa ameshika kamba ya begi. Fowsiya alikuwa ameanza kusoma dua, midomo peke yake inatembea. Saa ngapi sasa? Kama walitoka alfajiri, na barabara ni kavu, wako karibu kufika.

Akafungua ile skrinshoti ya kwanza, ya Guled. Akaikuza mpaka ikawa vipande vipande, vigae vya kahawia na kijivu. Akaangalia shavu. Sasa, kwa mara ya kwanza, aliangalia shavu. Mistari miwili ilikuwa vigae vichache vyeusi. Na katikati, kikitoka puani kuelekea nyuma ya sikio, kulikuwa na weusi mwingine hafifu. Akaufuata kwa kidole. Ulianza mahali kamba ilianza. Ulipinda mahali kamba ilipinda.

"Kamba," akasema.

"Nini?"

"Ngamia wa Guled amefungwa kamba usoni. Ni kivuli cha kamba. Huyu wa Ayanle hana. Mfungeni kamba. Adeer, waambie wamfunge, hapa, chini ya jicho."

Ayanle hakutaka. Alisema ngamia wake si mtoto wa shule wa kufanyiwa mtihani. Hared akanyoosha kidole tu, na Ayanle akafunga kamba, akinung'unika. Jua lilikuwa upande ule ule. Kamba ikaweka kivuli chembamba shavuni, kikakatiza ile duara. Hamze akarudi hatua hamsini. Picha. Stetasi. Skrinshoti. Kata. Safari hii kidole kilikosa kitufe mara mbili, Fowsiya akanyoosha mkono akambonyezea.

Kile kiduara kikazunguka. Kikasimama. Hamze akafikiria intaneti imekufa. Kikazunguka tena.

Picha ikatoka.

Shavuni kulikuwa na duara, na ndani ya duara, kutoka ukingo hadi ukingo, mstari. Umenyooka, umekolea, na kivuli chake cha kovu. Ile kamba yenyewe mashine iliichora mbali kidogo, pembeni, imekaa vizuri kama haihusiki.

Mzee mmoja mwembamba aliyekuwa ameegemea bega la Hamze akakunja uso. "Hiyo," akasema, "ni alama ya wajomba zangu."

Watu wakamgeukia.

"Wallahi. Duara na mstari ndani. Wajomba zangu wa Rhamu."

"Basi Ayanle ameiba," mtu akasema, na wawili watatu wakacheka. Halafu kicheko kikafa chenyewe, kwa sababu Ayanle hakuwa amecheka. Ayanle alikuwa amekamata shingo ya ngamia wake kwa mikono yote miwili na uso wake ulikuwa umekuwa kijivu. Kwa muda huo mfupi alikuwa mwizi, na aliona vile ingekuwa rahisi.

Hared aliinuka. Alienda mpaka kwa yule ngamia, akaondoa kamba, akatema mate kwenye kidole gumba, akasugua shavu. Akasugua ndani ya duara, taratibu, mara tatu. Manyoya tu. Akarudi akaangalia laptopu. Akaenda tena kwa mnyama.

Halafu akachukua simu, akampigia Sugow.

Mteja hapatikani. Akapiga tena. Mteja hapatikani. Akapiga wa pili, wa tatu, vijana wote watano, ile sauti ya mwanamke inajibu kila mara kwa adabu ile ile. Fowsiya alikaa chini vumbini, mahali alipokuwa, kama mtu amekatwa miguu. Hamze alianza kuhesabu mbuzi wanaopita ili asifikirie silanga. Alifika mia moja na nane.

Simu ikalia mkononi mwa Hared.

"Sugow," Hared akasema, kisha akaongeza sauti kwa sababu ya lile sikio. "Sugow. Uko wapi?"

Akabonyeza spika. Upepo ulikuwa mwingi upande ule, na ngamia wanaguna. "Tumempata, adeer," sauti ya Sugow ikasema. "Nimepanda juu ya gari ndiyo nimepata netiwaki. Ngamia yuko hapa, sikio limepasuka, ndiye. Huyu mtu tumemkalisha chini. Anasema hajui kitu. Unasemaje?"

Unasemaje. Watu wote wakainamia simu.

"Hamjamgusa?"

"Kidogo."

Fowsiya akaziba mdomo.

"Sikiliza," Hared akasema. "Usimguse tena. Shuka kwenye gari, nenda kwa ngamia. Toa kamba usoni. Osha shavu kwa maji, usugue kwa kidole. Halafu panda tena juu uniambie ni mistari mingapi."

"Adeer, picha si tumeiona—"

"Nenda."

Upepo. Upepo mrefu. Mlango wa gari. Mtu kwa mbali anauliza kitu, na sauti nyingine inajibu, na Fowsiya alishtuka kwa sababu ile sauti nyingine, iliyokwaruza, iliyo hai, ilikuwa ya Guled. Ilikuwa inawaambia wamshike ngamia upande wa kushoto, upande wa kulia anapiga teke.

Miguu kwenye bati. Sugow alirudi.

"Miwili," akasema.

"Na katikati?"

"Hakuna kitu. Nimesugua mpaka mnyama amelia. Hakuna." Sauti yake haikuwa ya hasira tena. Ilikuwa ya mtu ameteremka ngazi akidhani kuna kipandio kimoja zaidi. "Huyu ngamia si Deeqa wetu, adeer."

"Sawa," Hared akasema. "Mwinueni huyo kijana. Muombeni msamaha, wote watano. Akiwapa maziwa mnywe. Halafu mrudi."

Akakata.

Watu walianza kuongea wote mara moja, wengine wanamshukuru Mungu, wengine wanamtukana Hamze kwa upole, Ayanle anadai ile picha ifutwe mbele yake. Hamze aliifuta. Hared akamwambia aweke sauti kwenye grupu, ataje jina lake na la baba yake na la babu yake, aseme alichofanya. Fowsiya akamshikia simu. Alisema yote: kwamba aliletewa picha mbaya, kwamba aliambiwa angoje siku nne kwa orijino akakataa, kwamba alijua ile app inakisia, kwamba mstari haukuwepo. Kabla hajamaliza alishajua nani atakayeleta tena picha kwake. Hakuna.

Fowsiya akachukua simu yake, akaondoka kutafuta gari la Ijara bila kumtazama.

Hared alikuwa amekaa tena juu ya gunia. Alikuwa anaangalia ile skrinshoti ya jana. Hakuwa ameifuta.

"Nilimwita jina lake," akasema. Haikuwa wazi kama anaongea na Hamze au na fimbo. "Jana, nilipoibonyeza ikawa kubwa. Nilisema Deeqa. Mke wangu akatoka jikoni mbio. Tulikaa wote wawili tunamwangalia mpaka magharibi."

Macho ya Hamze yalianguka kwenye duara dogo juu ya simu, profaili ya Hared mwenyewe. Alikuwa ameiona mara nyingi kwenye grupu, akaicheka mara nyingi. Ilikuwa kitu cha kahawia, uji mtupu, miguu minne labda, na shingo labda. Sasa alielewa ni nani.

"Adeer," akasema, "hiyo ya profaili naweza kukutengenezea. Bila app. Nitumie tu orijino, nitaikata vizuri, nitaipunguza mara moja. Bure. Itasimama."

Hared aliangalia kile kidoa cha kahawia. Akakifunika kwa kidole gumba, kile kile alichosugulia shavu la ngamia.

"Hii ndiyo orijino," akasema. "Usiiguse."

Akaweka simu kwenye mfuko wa shati, akaokota fimbo, akageuka, akaenda zake katikati ya ngamia wa watu, akitazama mashavu.